Rimoti ya kuingilia kompyuta za matawini inakwama kila siku, jamaa wa mtandao wanajibu "kwetu kijani". Nimechoka!

Wakuu, mtanisamehe kwa lugha. Asubuhi nilikuwa na hasira za kawaida, kufika mchana zimezaa.

Mimi ni fundi wa kusaidia watumiaji. Mtu wa tawini anapiga simu, naingia kwenye kompyuta yake kwa rimoti, narekebisha, naaga, namchukua anayefuata. Ndivyo ilivyokuwa hadi walipounganisha matawi kwa VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti. Tangu siku hiyo nikibonyeza kuunganisha, inaomba nywila vizuri, inaikubali vizuri, halafu skrini nyeusi tii. Nusu dakika. Dakika. Siku nyingine inakata, naanza upya. Ikibahatika kufunguka, picha inakuja vipande vipande kama fundi anabandika vigae. Nabonyeza kitufe, kimya. Nabonyeza tena nikidhani ya kwanza haikufika. Kumbe zote mbili zilikuwa njiani, na ya pili imeangukia dirisha jingine nisilolikusudia.

Jana mama mmoja wa uhasibu ananiuliza kwenye simu, "Mwanangu, uko humu kweli? Mbona mshale umesimama?" Nikamwambia nipo mama, nasubiri picha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ngoja nikachape barua yangu kwa mwenzangu, ukifika utaniita." Ukifika! Kama vile nakuja kwa miguu.

Ukiwapelekea malalamiko jamaa wa mtandao, jibu ni lile lile: kwetu kijani. Wana skrini kubwa ukutani, kila tawi lina kitone chake, na vitone vyote vinang'aa. Ukibisha wanapima spidi ya intaneti, wanapiga picha, wanakutumia, mjadala umefungwa. Nimeambiwa niondoe programu ya rimoti na kuisakinisha upya, nimefanya hivyo mara tatu. Nimeambiwa nizime niwashe, nimezima na kuwasha hadi kitufe kimelegea. Mwisho wakubwa wakakubali kulipia laini yenye spidi mara mbili. Hela imetoka, skrini nyeusi iko pale pale.

Hebu tuelewane hapo kwenye spidi. Kile kipimo wanachonitumia kinatoka moja kwa moja kwenda intaneti, hakipiti kabisa kwenye VPN, na rimoti yangu inapita humo humo kwenye VPN. Ni barabara mbili tofauti. Halafu rimoti ya kurekebisha printa ya mtu haihitaji spidi ya kutisha. Inachotaka ni paketi, yaani vifurushi vidogo vya data, zifike mapema na zifike zote.

Jumamosi nikabaki ofisini peke yangu. Ping, yaani ujumbe wa kupima kama kompyuta ya mbali inajibu, kwa kawaida kwenye Windows hubeba baiti 32 tu. Nikapingi kompyuta ya tawini hivyo, jibu likarudi chap. Nikaandika ping -f -l 1472, yaani beba baiti 1472 na usikubali kukatwa vipande. Ukijumlisha 28 za vichwa (maelezo yanayotangulia data kwenye paketi) unapata 1500, paketi kubwa kabisa ya kawaida kwenye waya wa ofisini. Kimya. Mara nne, kimya. Nikajaribu hiyo hiyo kwa seva iliyo jengo letu hili hili, inapita bila shida. Nikarudi tawini nikipunguza kidogo kidogo: 1450, 1400, 1380, bado. Nikafika 1372, likajibu. 1373, kimya. Nilirudia mara kumi nikihisi macho yananidanganya.

Maana yake ni hii. VPN huivalisha kila paketi bahasha ya juu, na bahasha inakula nafasi. Njia ya kwenda tawini inapitisha 1400 (1372 na zile 28), kompyuta zinatuma 1500. Hapo rauta hurudisha ujumbe kwa aliyetuma: paketi yako kubwa mno, punguza. Ni ujumbe wa ICMP (lugha ya vifaa vya mtandao kupashana habari za hitilafu, na ping nayo imo humo), aina ya 3, kodi (code) ya 4, na utaratibu huo wa kutafuta kipimo cha njia uliandikwa kwenye RFC 1191, moja ya hati za kanuni za intaneti, mwaka 1990. Sasa wenzetu kwenye fayawoli (mlinzi anayechuja kinachopita mtandaoni) wamezuia ICMP yote "kwa usalama", isipokuwa ping yao ya vitone vya kijani! Aliyetuma hapati habari, anarudia paketi ile ile, inapotea tena, hadi mashine yenyewe inakata tamaa na kuanza kutuma vijipaketi vidogo. Ndiyo ile dakika ya giza, na ndiyo vile vigae. Nywila inapita kwa sababu ni ndogo. Picha ya skrini ni kubwa. Hata kunakili faili kubwa kwenda tawini kulikuwa kunakwama, tukaisingizia seva.

Yaani mtu anapitisha sindano mlangoni, kisha anakuapia kwamba kabati litaingia.

Nikawaandikia kistaarabu kabisa, na matokeo nikaambatisha. Niliomba mambo mawili: wekeni MTU ya VPN (ukubwa wa mwisho wa paketi) iwe 1400 na MSS (data inayobaki ukitoa vichwa) ibanwe kwenye 1360, na ruhusuni huo ujumbe mmoja wa ICMP upite. Sikuomba vifaa wala hela, ni mistari michache kwenye rauta. Nikajibiwa na kijana mmoja (namheshimu, ila hapa amenikosea) kwamba ICMP ni hatari na mafundi wa watumiaji tusiingilie mambo ya mtandao. Sawa, ndugu yangu. Basi simu za matawini ziwe zinaita mezani kwako.

Walio upande wa mtandao humu, nijibuni bila kuoneana haya: kuna sababu yoyote ya kuzuia aina ya 3 kodi ya 4? Na aliyewahi kupambana na watu wa "kwetu kijani" hadi wakakubali kugusa rauta, aseme alitumia njia gani. Ripoti nimeandika, vipimo nimewapa, upole umeniishia.

NYONGEZA: Wakati naandika haya tiketi yangu imefungwa. Maelezo ya kufungia: "Imetatuliwa. Mtumiaji ameshauriwa kuzima na kuwasha kompyuta." Nimefungua nyingine.