Shukrani kwa mchungaji: zawadi gani, lini, na pesa zikusanywe vipi?

Katibu_Kamati

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharika wetu ni wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Nyanda za Juu Kusini, una kaya 180 hivi zenye bahasha za sadaka. Tunataka kumshukuru mchungaji wetu, anamaliza mwaka wa sita. Baraza la wazee limeunda kamati ya watu saba na kupendekeza Jumapili ya pili ya Oktoba, kwa sababu makanisa ya Marekani huwashukuru wachungaji wao siku hiyo. Lengo ni Sh 3,600,000, yaani 20,000 kwa kaya. Yaliyotajwa hadi sasa: seti ya sofa, suti, stola (kile kitambaa kirefu anachovaa shingoni kwenye ibada), keki, na chakula cha watu 300. Wengine wanataka iwe siri mpaka siku yenyewe. Naomba ushauri, hasa mambo haya huharibikia wapi.

MhaziniMstaafu

Amina, mtumishi. Hiyo Oktoba iacheni. Kwa kanda yenu, Oktoba mkulima ameshaweka pesa kwenye mbolea na mbegu, na iliyobaki anaitazama kwa jicho la mvua ya Novemba. Mkichangisha Julai au Agosti mahindi yakiwa ghalani, kaya ileile itatoa bila kunung'unika. Wagalatia 6:6 inasema mwanafunzi amshirikishe mwalimu wake mema yote, haikutaja mwezi.

Kabla ya kuchangisha, mwulizeni mhazini wa usharika maswali mawili. Mshahara na posho za mchungaji zimelipwa hadi mwezi gani? Na michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imepelekwa? Ile ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu yake. Kama mwajiri wake ni dayosisi, ulizeni huko, na muulize pia kama usharika wenu umefikisha fungu lake. Ipo tabia ya kumvisha mtu mgolole kwa vigelegele huku anadai miezi minne. Malimbikizo yakiwepo yalipwe kwa mfuko wa kawaida wa usharika. Msithubutu kuchukua pesa ya shukrani kulipia deni halafu mkaliita zawadi. Mchungaji atalitambua deni lake hata mkilifunga kwa utepe.

Kwenye makusanyo, ahadi si pesa. Pangeni manunuzi kwa asilimia 60 ya lengo, kwenu ni Sh 2,160,000, na orodha iwe na vitu vya "ikipatikana" ambavyo vinaweza kuachwa bila aibu. Mwisho wa kupokea uwe wiki mbili kabla ya siku, kwa sababu ile ya wiki ya mwisho hukuta bei imepanda na fundi ana kazi nyingine.

Msitumie simu ya mtu binafsi, hata akiwa mwaminifu kama mzee wetu Ibrahimu. Pesa huchanganyika na za nyumbani kwake, na akipoteza laini kamati nzima inakaa roho juu. Tumieni lipa namba ya usharika au akaunti yenye saini mbili. Kila anayetuma aandike ujumbe kwa katibu akitaja namba yake ya bahasha, maana jina linalotokea kwenye muamala mara nyingi ni la mtoto wake au la wakala. Bila hivyo mtakuwa na pesa isiyo na mwenyewe na mshirika anayelalamika kwamba alitoa na hakuandikwa.

Kiasi cha kila mtu kisisomwe kanisani wala kubandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Tangazeni jumla tu. Mjane aliyeleta elfu mbili akisikia mwenzake amesomwa laki mbili, mwakani hatakuja siku hiyo.

Mzee_wa_Zamu

Naongezea kuhusu siri: haiwezekani. Zamu za ibada anazipanga yeye mwenyewe. Mtajikuta mmeandaa keki na yeye yuko mtaa wa mbali, yaani tawi la usharika, anagawa Chakula cha Bwana, zamu iliyopangwa tangu mwezi uliopita. Mwambieni kwamba kuna shukrani na mumpe tarehe. Kitakachobaki siri ni zawadi yenyewe. Mwenza wake ajue yote, maana ndiye atakayewaambia kama wameshanunua kitu hichohicho.

Mkuu wa jimbo la kanisa aandikiwe barua wiki sita kabla, kupitia kwa utaratibu wa kawaida wa usharika. Asipokuja hakuna neno, ila asiposikia kabisa, shukrani yenu inaweza kutafsirika kuwa kampeni ya kuzuia uhamisho. Miaka sita ni umri wa kuhamishwa katika sehemu nyingi. Na katika risala msiandike "tunaomba usituondolee". Risala ya ukurasa mmoja inatosha, itaje kazi zinazoonekana: mtaa uliofunguliwa, idadi ya waliobarikiwa kipaimara, paa lililoezekwa.

Muda ni dakika 25, baada ya matangazo na kabla ya baraka ya mwisho. Kwaya wimbo mmoja, risala, zawadi, neno lake, sala ya mzee mmoja akiwaombea yeye na familia. Kama mna ibada mbili, fanyeni moja ya pamoja siku hiyo, vinginevyo wa ibada ya kwanza watachangia na kusimuliwa.

Chakula cha watu 300 ndicho kitakachomeza zawadi. Pilau ya watu hao ni mchele kilo 40 hivi (kilo moja kwa watu saba au wanane), nyama kilo 20 kwa uchache, maji ya nusu lita katoni 13, bila kuni, mafuta na wapishi. Pigeni kwa bei ya soko lenu mwone kinachobaki. Chai na maandazi baada ya ibada vinatosha, na familia ya mchungaji ile mchana na wazee wachache.

FundiKanzu

Suti msinunue bila mwenyewe kupimwa. Mabega ya suti hayarekebishiki kirahisi, na mchungaji hawezi kukataa kuivaa mbele yenu. Mkitaka nguo, chagueni mashati ya kola ya kichungaji, mawili au matatu. Mwombeni mwenza wake shati moja linalomtosha vizuri, si jipya na si lililochakaa. Ilazeni kola mezani, muinyooshe, mpime kutoka katikati ya kifungo hadi mwisho wa tundu upande wa pili. Hicho ndicho kipimo cha shingo. Kama kitambaa ni pamba ambayo haijalowekwa, mwongezee nusu inchi, kwa sababu kola ikisinyaa hata kidogo atahubiri akiwa amekabwa.

Stola ni zawadi nzuri lakini ulizeni kwanza rangi zipi anazo. Watu hukimbilia nyekundu kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Nyekundu ni ya Pentekoste na Siku ya Matengenezo ya Kanisa, 31 Oktoba, basi itakaa kabatini karibu mwaka mzima. Kijani ndiyo inayochakaa, kwa sababu majira ya baada ya Utatu huenda hadi Novemba. Nyeupe inafuata: Krismasi, Pasaka, na mara nyingi harusi. Upana sentimita 10 hadi 12. Urefu, kutoka katikati ya kisogo hadi ncha ya upande mmoja, sentimita 125 hadi 130 kwa mtu wa kimo cha kawaida, iishie chini kidogo ya goti. Shonesheni mshono wa kati mahali pa shingo, stola isiyo na mshono huo huteleza begani kila anapoinua mikono. Misalaba ya kudarizi iwe sawa kwa kimo pande zote mbili; hapo ndipo fundi asiyezoea huharibu. Mpeni wiki tatu.

Katibu_Kamati

Asanteni sana. Nimeelewa tarehe na suti. Kwenye sofa bado wazee wanasimama imara, wanasema nyumba ya mchungaji ni ya usharika na haina viti vya maana. Na kuna jumuiya tatu zinazotaka kutoa mahindi badala ya pesa.

Mama_Jumuiya

Katibu, hapo kwenye sofa ndipo pana moto. Kama nyumba haina viti, hilo ni jukumu la usharika na si shukrani. Inunuliwe kwa bajeti ya nyumba na iandikwe kwenye orodha ya mali za usharika. Kama ni zawadi, ni yake, ataondoka nayo akihamishwa. Kinachotokea ni kwamba hakuna aliyeandika, mchungaji anapakia gari, na mzee mmoja anasimama mlangoni anauliza sofa inakwenda wapi. Wekeni mistari miwili kwenye muhtasari wa baraza: kitu gani, kimetolewa kwa nani. Nakala apewe yeye. Vilevile kwa friji, jiko la gesi na pikipiki. Pikipiki ikiwa ni zawadi, kadi ibadilishwe TRA (mamlaka ya mapato) kuwa kwa jina lake kabla ya siku ya kukabidhi, na gharama ya kubadili itoke kwenye mchango.

Mahindi yapokeeni, ni sadaka kama pesa, ila msimpelekee mtu mzigo wa dumuzi, wale wadudu wa ghalani. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo, ongeza mahindi hadi theluthi, funga na tikisa dakika moja au mbili, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka bado ina unyevu, irudi kwenye turubai. Isipoganda, fungasheni kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani na mfuko wa nje. Mkandamize hewa itoke, kila plastiki ifungwe peke yake, na mfuko ukae juu ya mbao mbali na ukuta. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote. Kwa familia ya watu sita gunia tatu zinatosha. Zikifika kumi atalazimika kuziuza, basi bora jumuiya ziuze zenyewe zilete pesa. Mbuzi hai vilevile, ulizeni kwanza kama ana banda.

Halafu mwinjilisti. Kwenye mitaa ndiye anayehubiri Jumapili nyingi, na posho yake mnaijua. Tengeni sehemu yake mapema, hata kama ni shati na bahasha, na akabidhiwe siku hiyohiyo madhabahuni.

MhaziniMstaafu

Nimesahau moja. Bahasha ya pesa taslimu ihesabiwe na watu watatu Jumamosi, karatasi yenye jumla na saini zao iwekwe ndani. Msitengeneze ile hundi kubwa ya maboksi yenye tarakimu. Mnamtangazia kila mwenye shida mjini kwamba mchungaji ana milioni mbili, na Jumatatu asubuhi foleni itaanzia getini.

Katibu_Kamati

Hundi ya maboksi ilikuwa kwenye bajeti, Sh 45,000. Naiondoa. Mahindi yapelekwe lini, siku yenyewe?

Mama_Jumuiya

Gunia moja tu lifike kanisani kwa ajili ya kukabidhi. Mengine yaende Jumatatu mchana, akiwepo mtu wa kubeba na mbao za kuyawekea zikiwa tayari.