Topper ya rangi: nani aliombwa ruhusa?

Mimi nasimama na wanaopinga. Mwenzetu aliyefungua mjadala kasema filamu zote za nyeusi na nyeupe zipakwe rangi, la sivyo vijana hawatazigusa. Mwingine akaongeza kwamba asiyetaka rangi azipunguze kwenye televisheni yake, yaishe.

Nishike Topper, maana ndiko mambo yalikoanzia. Ni filamu ya kuchekesha ya 1937. George na Marion Kerby, mke na mume wapenda starehe, wanakufa kwa ajali ya gari na kubaki mizimu. Wakiona hawana jema hata moja la kuwafikisha mbinguni, wanamwandama Cosmo Topper, mkuu wa benki, mtu mpole ambaye mkewe kampangia kila kitu kwa saa, wamfundishe raha ya maisha. Mwaka 1985 ikawa filamu ya kwanza ya nyeusi na nyeupe kupakwa rangi kwa kompyuta.

Juzi niliiangalia na mpwa wangu wa miaka kumi na tano, kwanza ile ya asili. Kuna mahali Topper kalewa chakari na wale mizimu wanamshika huku na huku kumtoa nje, ila wao hawaonekani. Roland Young, mwigizaji wa Topper, anapita mbele za watu mabega yamepanda, mwili umelalia upande, miguu inamfuata kama ya mtu aliyebebwa kwapani. Hakuna aliyemshika, ni mwili wake tu unaocheza. Mpwa wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuuliza rangi iko wapi. Tulipoweka ile ya rangi aliniuliza: “Mjomba, mbona watu wote wana ngozi moja?”

Kwa hiyo hili la vijana silikubali. Kijana akipewa kitu kizuri anakaa.

Na kupunguza rangi kwenye televisheni hakurudishi picha ya mwanzo. Mpiga picha, Norbert Brodine, alipanga taa zake kwa ajili ya kijivu. Marion anapofifia, anayeyukia kwenye kivuli kilichowekwa pale makusudi. Rangi iliyopakwa miaka karibu 50 baadaye haikukijua kivuli hicho.

Nakiri upande wa pili una hoja moja nzito: mwenye filamu ni mwenye mali, na asipopata faida hatagharamia kuitunza. Filamu nyingi zimeoza ghalani, na hilo linaniuma. Lakini aliyetengeneza kazi hana neno? Mwongozaji John Huston alipinga vikali filamu yake The Maltese Falcon kupakwa rangi, na Marekani sheria haikumpa nguvu ya kuzuia. Mwaka 1987 waongozaji, Woody Allen akiwemo, walikwenda kulalamika mbele ya Baraza la Seneti. Sheria iliyopitishwa mwaka uliofuata iliunda orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, 25 kwa mwaka, na kutaka filamu za humo zikibadilishwa mtazamaji aambiwe. Kuambiwa tu! Ufaransa walikwenda mbali zaidi: warithi wa Huston walishtaki kwa ajili ya filamu yake nyingine iliyopakwa rangi, The Asphalt Jungle, na mwaka 1991 mahakama ya juu ikasema heshima ya mtunzi kwa kazi yake inalindwa hata kama haki za kibiashara zimeuzwa Marekani. Hapo ndipo niliposimama mimi.

Norman McLeod, mwongozaji wa Topper, alifariki 1964. Roland Young alimtangulia, 1953. Hakuna aliyeweza kuwauliza.

Wanaotetea rangi wanijibu hili: enzi zile nguo, kuta na hata vipodozi vilichaguliwa kwa jinsi vitakavyoonekana kwenye kijivu, si kwa rangi zake. Sasa gauni la Marion kompyuta ilijuaje ni la rangi gani?