Katheta ya ganzi nyuma ya goti: mchana inafanya kazi, saa nane usiku imekufa. Nakosea wapi?

Ganzi_Bondeni:
Heshima kwenu wakuu. Mimi ni muuguzi wa usingizi, hospitali ya wilaya, mwaka wa sita kazini. Spaino, ile ganzi ya sindano moja ya mgongoni, napiga hata umeme ukikatika. Katheta za neva, yaani mipira myembamba ya kupitishia ganzi pembeni mwa neva, nimeanza mwaka huu tu, tulipopata altrasaundi yenye probu bapa. Nimeweka tatu, mbili zimeniaibisha kwa namna ileile.

Ya juzi ni mzee wa miaka 61, kilo 60, pawatila imemkanyaga mguu wa kulia shambani kwenye mpunga. Vidole vitatu vimeondolewa, kidonda kipo wazi na kinaoshwa thieta kila baada ya siku moja. Mofini inamtapisha, tramadoli haimgusi. Nikasema huyu nimwekee katheta ya siatiki, neva kuu ya mguu, nyuma ya goti apumue wiki hii.

Sina seti maalumu, nilitumia ya epidura (ganzi ya mgongoni inayopitishwa kwa katheta): sindano ya Tuohy, yenye ncha iliyopinda, geji 18 na katheta yake. Neva niliiona vizuri. Nikamwaga mililita 20 za dawa ya ganzi, bupivakaini asilimia 0.25, kupitia sindano, kisha nikapitisha katheta, nikatoa sindano, nikafunga plasta. Baada ya nusu saa mzee anacheka, ananiambia, "Mwanangu, huu mguu wa nani mmeniwekea hapa?" Pampu ya sirinji ikawa inaenda mililita 5 kwa saa, asilimia 0.125.

Saa nane usiku napigiwa simu: mzee analia. Pampu inazunguka, hakuna kengele, plasta kavu kabisa. Dawa inaenda wapi?

MzeeWaTuohy:
Pole dada, wengi tumepitia hapo. Maswali matatu kabla sijasema kitu. Anaumia wapi hasa? Sindano iliingia sentimita ngapi mpaka kwenye neva? Na katheta umeifunga kwenye alama ya ngapi pale ngozini?

Ganzi_Bondeni:
Shikamoo daktari. Anaumia palepale vidoleni na unyayoni. Sindano sentimita 5. Katheta nimeifunga kwenye 15, niliogopa isichomoke akigeuka kitandani.

MzeeWaTuohy:
Marahaba. Basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Angeumia upande wa ndani wa kifundo, ningesema ni neva ya safena, ambayo siatiki haihusiki nayo. Lakini vidole na unyayo ni eneo la siatiki lenyewe. Toa 5 kwenye 15, zinabaki sentimita 10 za mpira ndani ya mguu. Neva haina shimo la kuzipokea zote. Zimejikunja, zimetoka kwenye ala inayoifunika neva, ncha imelala ndani ya msuli. Msuli unakunywa dawa yako kimyakimya, ndiyo maana plasta ni kavu. Mimi sipitishi zaidi ya sentimita 3 mbele ya ncha ya sindano. Kuchomoka kunazuiwa na gundi ya ngozi, au kwa kupitisha katheta chini ya ngozi kidogo. Urefu wa ndani hausaidii kitu.

La pili ndilo kubwa. Dozi ya kwanza uliipitisha kwenye sindano. Kwa hiyo mzee aliyecheka saa nane mchana alichekeshwa na sindano. Katheta hukuwahi kuijaribu hata mara moja! Bupivakaini ya mkupuo mmoja inaweza kukubeba mpaka usiku wa manane, halafu ndiyo unagundua mpira haupo mahali pake, na wewe umelala nyumbani. Fungua nafasi kwa maji ya chumvi, mililita 5 hadi 10, kupitia sindano. Pitisha katheta, toa sindano, kisha dozi ya kwanza ipite kwenye katheta huku unatazama kioo, kidogokidogo, ukivuta nyuma kila mara kuangalia damu. Ukiona dawa inaizunguka neva, nenda kanywe chai.

Na mahali: panda sentimita 5 hadi 7 juu ya mkunjo wa goti, pale siatiki inapogawanyika. Mwambie mgonjwa akanyage kama anakanyaga breki, kisha ainue. Utaona neva mbili zinapishana kama watoto kwenye pembea. Ncha ikae katikati yao, ndani ya ala moja.

Kosa moja usilifanye kamwe: kuirudisha katheta nyuma wakati sindano bado ipo ndani. Ncha ya Tuohy inaikata, kipande kinabaki mguuni. Vitoe vyote kwa pamoja, uanze upya.

Sista_Wodi7:
Naongezea ya wodini, maana ninyi mkishafunga plasta mnaondoka. Andikeni lebo kubwa KATHETA YA NEVA, maana mpira ule unafanana na wa dripu na usiku taa zetu mnazijua. Na kisigino! Mguu wenye ganzi hausemi. Nimeshaona kidonda cha kisigino kwa mgonjwa aliyekuja na tatizo la vidole tu. Mto chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie hewani.

MzeeWaTuohy:
Sista kanena. Na mfupa wa muundi ukiwa umevunjika ndani ya mguu uliofungwa, ongea na daktari wa upasuaji kwanza: ganzi inaweza kuficha uvimbe unaobana misuli. Huyu kidonda kipo wazi, sina wasiwasi sana. Intralipidi asilimia 20 mnayo, yale mafuta ya mshipani ya kumwokoa mgonjwa ganzi ikizidi kwenye damu? Kwa kilo 60 mkupuo wa kwanza ni mililita 90. Akisema masikio yanavuma au mdomo unakufa ganzi, funga pampu kwanza, maswali baadaye.

Ganzi_Bondeni:
Mrejesho. Intralipidi ipo chupa moja, nimeihamishia thieta. Asubuhi nilisafisha, nikaweka probu, nikasukuma mililita 2 za maji ya chumvi kwenye katheta. Daktari, nusura nicheke: maji yakafunguka katikati ya msuli, neva imetulia pembeni kama haihusiki. Nikavuta taratibu, sentimita moja moja, na maji kidogo kila nikisimama. Kwenye alama ya 8 neva zote mbili zikaogelea. Kuvuta nje nimevuta, kusukuma ndani sijathubutu, ule urefu ulishakaa nje usiku kucha.

Nikampa mililita 15 za asilimia 0.25 kupitia katheta, kidogokidogo, nikafunga kwa gundi. Leo ni usiku wa pili, simu haijalia. Nimeoshesha kidonda mchana bila ketamini.

Swali la mwisho: famasi yetu imebaki na bupivakaini nzito ya spaino tu. Naweza kuitumia kuchanganyia dawa ya pampu?

MzeeWaTuohy:
Hapana. Ile ina sukari, imetengenezwa kwa ajili ya uti wa mgongo. Tafuta ya kawaida, hata kwa kuazima hospitali ya mkoa. Ya asilimia 0.5 ukichukua mililita 12.5 na maji ya chumvi 37.5, sirinji ya 50 imejaa, inakwenda saa 10. Mpigie mfamasia wao leo, kesho ni Ijumaa.