Mtoto anatema ALu kila nikimpa. Nifanyeje dozi iingie yote?

MamaWawili_Tabata

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa haraka kwa wanaozijua dawa za watoto.

Mtoto ana miaka miwili na nusu, kilo 12. Kapimwa, malaria imeonekana, tukapewa ALu (dawa mseto ya malaria), kidonge kimoja kwa kila dozi, dozi sita. Ni vile vidonge vya kawaida vya njano, siyo vya kuyeyuka. Nakisaga kati ya vijiko viwili, nakoroga kwenye kikombe cha juisi ya ukwaju. Anakunywa mafunda mawili, ya tatu anatema. Dozi ya pili kaimeza karibu yote ila kaitapika kama dakika 15 baadaye. Bibi yake anasema abanwe pua amiminiwe. Baba yake anasema tuweke kwenye soda.

Mdogo wake ana miezi 8, anaharisha, kapewa zinki na ORS (ile ya unga wa kuchanganya na maji). Zinki anaisukuma nje kwa ulimi.

Ile dozi iliyotapikwa nirudie? Nichanganye na nini? Na hiyo ya kubana pua ikoje?

famasi_temeke

Dada, tuanze na iliyotapikwa. Ndani ya nusu saa, dozi inarudiwa nzima, kwa hiyo dakika 15 unarudia. Tatizo ni kidonge cha kurudia unakitoa wapi. Wengi huchomoa cha dozi inayofuata kwenye pakiti hiyohiyo, halafu siku ya tatu mtoto anabaki na dozi tano badala ya sita. Nenda ulikopewa dawa ukaombe kidonge kimoja cha ziada, waeleze kilichotokea. Ikishapita nusu saa ndipo akatapika, usibahatishe, waulize.

Ratiba nayo iangalie. Dozi ya kwanza na ya pili zinatenganishwa na saa 8, si 12. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Baada ya hapo ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, siku ya pili na ya tatu. Kwa kilo 12 kidonge kimoja ni sahihi, kwa sababu kuanzia kilo 5 mpaka asiyefika 15 ni kimoja, na akifika 15 ni viwili.

Sasa kosa lilipo: ni kikombe. Kidonge kimoja kwenye kikombe kizima cha juisi maana yake mtoto anatakiwa amalize mililita 200 za kitu kichungu. Hata mtu mzima hawezi. Tena dawa ya kusaga haiyeyuki, inatuama chini, kwa hiyo akinywa nusu huwezi kujua kapata nusu au robo. Saga kidonge mpaka kiwe unga laini kabisa, weka kwenye kikombe kidogo, tia maji safi ya kijiko kimoja au viwili vya chai, yaani mililita 5 mpaka 10, koroga, mpe hapohapo kabla haijatuama. Kisha suuza kikombe kwa maji mengine mililita 5, umpe na hayo. Unga mwingi unabaki umeganda ukutani mwa kikombe, na ndiyo dawa yenyewe hiyo.

Baada ya dawa tu, mpe maziwa. Ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, au anyonye kama bado ananyonya, au uji uliotiwa maziwa au karanga. Hapa si suala la ladha peke yake. Lumefantrini, dawa mojawapo kati ya mbili zilizomo kwenye ALu, inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Robo kikombe cha maziwa inatosha. Mtoto aliyepewa ALu kwa maji matupu tumbo likiwa wazi anameza vidonge vyote sita na bado dawa mwilini inakuwa pungufu. Ukwaju hauna mafuta, na kwa tumbo lililochafuka na homa uchachu wake haukusaidii. Soda ndiyo kabisa: gesi inamfanya acheue na dawa inapanda nayo. Juisi ya balungi iwekeni pembeni siku zote tatu, inagongana na ALu.

Jambo la mwisho ambalo watu hulisahau: mpoze homa kwanza. Mtoto anayewaka hutapika hata maji. Parasetamoli ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, kwa kilo 12 ni mililita 5 hadi 7.5. Mpe, subiri kama nusu saa, ndipo ulete ALu. Ukimpa zote mbili kwa mkupuo unaongeza ujazo tumboni, zinarudi pamoja.

Ukienda kuomba hicho kidonge ulizia pia ALu ya watoto, ile ya kuyeyuka kwenye maji. Ya kwanza ya aina hiyo ilitoka mwaka 2009, ina ladha ya cheri. Inawekwa kwenye maji kama mililita 10, inasambaa yenyewe bila kusaga. Uchungu unabaki kwa mbali ila mapambano yanapungua sana.

Nesi_Kiwalani

Naongezea upande wa mikono, maana hapo ndipo dozi nyingi zinapomwagikia.

Kubana pua, hapana. Bibi hana nia mbaya, ni njia ya zamani, lakini mtoto aliyebanwa pua anavuta hewa kwa mdomo, na hewa hiyo inaingia na dawa. Anapaliwa. Dawa ikiingia kwenye mapafu umemwongezea ugonjwa juu ya malaria. Hivyohivyo kumlaza chali, na hivyohivyo kummiminia wakati analia kwa nguvu. Subiri avute pumzi, atulie kidogo.

Nunua bomba la sindano la mililita 5, sindano yake iache hukohuko dukani. Kile kikofia kidogo cha mbele pia kitupe kabla hujafika kwa mtoto, kinaingia kooni kirahisi. Mkalishe mapajani kwako akiwa wima, ameegemea kifua chako. Mkono wake mmoja upite nyuma ya mgongo wako, mwingine uushike kwa mkono wako unaomkumbatia. Kichwa kikae sawa, kisipinduliwe nyuma. Kwa huyo wa miezi 8 mviringishe kwenye khanga mikono ikiwa ndani, mkalishe hivyohivyo, usimlaze.

Ncha ya bomba ipite pembeni mwa mdomo, kati ya shavu na ufizi, ielekee nyuma kidogo lakini isiguse koo. Sukuma kama nusu mililita, mwisho moja. Acha ameze. Sukuma tena. Watu hukosea kwa kuweka katikati ya ulimi: hapo anaonja yote, tena ulimi wake wenyewe ndio unaosukuma nje. Wengine wanapeleka mpaka nyuma kabisa wakidhani wanakwepa ladha, wanagusa pale panapoamsha kichefuchefu, mtoto anatapika hata kabla ya kumeza.

Bomba lina faida ya pili. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mililita 3, kingine 6. Kwa dawa ya maji hiyo ni tofauti kubwa.

Kwa ALu ya kusaga, tikisa bomba kila baada ya kusukuma mara moja au mbili, unga unashuka haraka na unaziba ncha. Likiziba usilikandamize kwa nguvu, litafunguka ghafla na kummwagia yote kooni. Vuta maji kidogo, tikisa, endelea.

Kabla ya dawa mpe kipande kidogo cha barafu ya maji safi afyonze, au maji ya baridi sana mafunda mawili. Ulimi ukipoa unaonja uchungu kidogo. Huyo mkubwa tu, na akiwa amekaa unamwangalia. Barafu iwe imepondwapondwa, siyo bonge.

Mzee_wa_Kigamboni

Mbona mnazunguka sana. Asali kijiko kimoja, dawa katikati, asali juu. Wanangu wote wamekua hivyo. Wote wawili wape asali, mkubwa na mdogo.

famasi_temeke

Shikamoo mzee. Kwa mkubwa, sawa kabisa, asali inafunika uchungu vizuri kuliko sukari kwa sababu ni nzito, inaganda kwenye ulimi. Kijiko kidogo, siyo bakuli, na maziwa yafuate kwa ajili ya mafuta.

Kwa mdogo hapana. Chini ya miezi 12 asali hairuhusiwi, hata ya kulamba. Inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia. Vinakua ndani ya utumbo, vinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kuchemsha asali hakuviui. Asali ya Tabora, ya dukani, ya kwenye chupa ya konyagi, yote ni ileile kwa hili.

Nesi_Kiwalani

Na zinki ya huyo mdogo haihitaji asali wala sukari. Ladha yake ni kama ya chuma, na inakuja mwishoni, ndiyo maana anaipokea halafu anaisukuma. Kwa miezi 8 ni kidonge kizima cha miligramu 20 mara moja kwa siku. Wasiofika miezi 6 ndio nusu. Weka kidonge kwenye kijiko, kamulia maziwa yako juu yake mililita 5 hivi, acha kiyeyuke chenyewe bila kukisaga. Halafu kwa bomba, shavuni, kisha mpe ziwa mara moja ili ile ladha ya mwisho isimkae mdomoni.

Zinki na ORS nazo zipangie hivi. Zinki kwanza, aiweke tumboni, ndipo ORS kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika ORS tulia dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Na zinki haikomi kuhara kukikoma, maliza siku 10 au zaidi kama mlivyoandikiwa.

MamaWawili_Tabata

Asanteni sana, Mungu awabariki. Bomba limeshapatikana na kidonge cha ziada wamenipa bila shida. Nikiweka dawa kwenye uji wake wa asubuhi ili asijue, je? Na nikimwambia ni pipi?

famasi_temeke

Uji, ndiyo, lakini vijiko viwili tu vilivyochotwa pembeni, siyo bakuli zima. Ukimwekea kwenye bakuli akala nusu akakataa, umerudi kwenye tatizo la kikombe cha ukwaju. Pia mtoto akishagundua uchungu kwenye uji anaukataa uji wenyewe, na mtoto mgonjwa asiyekula ni shida nyingine. Ndizi mbivu iliyopondwa au parachichi inafunika vizuri kuliko uji. Huyo wa miezi 8 usichanganye dawa na chupa nzima ya maziwa, kwa sababu hiyohiyo.

Pipi, usimwambie. Siku akiikuta pakiti juu ya meza atakula "pipi" zote. Mwambie ni dawa, ni chungu, inakwisha upesi. Mpe uchaguzi mdogo: bomba au kikombe, ndizi au maziwa baadaye. Usimuulize kama anataka kunywa, maana jibu unalijua.

Hili la vyakula msilibebe kwa kila dawa. Metronidazoli (Flagyl) ya maji hupewa saa moja kabla ya kula, na imetengenezwa kwa namna isiyo chungu sana. Ukiona nafuu kununua vidonge vya wakubwa ukasaga, utapata kitu kichungu kama shubiri, na vipimo vya kubahatisha. Kloksasilini nayo inataka tumbo tupu, na ni katika zile mbaya kabisa kwa ladha, hapo tumia baridi kabla na ndizi kidogo saa moja baadaye. Siprofloksasini haiendi na maziwa wala mtindi. Klarithromaisini ya maji ina chembe zilizofunikwa: juisi chachu ya ubuyu, ukwaju au chungwa inavunja hicho kifuniko na uchungu unatoka wote mdomoni. Vidonge vyenye ganda maalumu au vya kutoa dawa polepole havisagwi kabisa, ulizeni kabla ya kuchukua kisu.

Nesi_Kiwalani

Bomba likishatumika livue, lioshe kwa maji ya moto yenye sabuni, suuza, liache likauke likiwa limefunguka. Kila mtoto na lake.

Na dada, akitapika tena dozi hiyo ya kurudia, au kila kinachoingia kinatoka, hapo mbinu za mdomo zimeisha. Mpeleke kituoni leo hiihii, usingoje asubuhi, akapewe dawa ya sindano. Vilevile akishindwa kunywa au kunyonya, akipata degedege, au akilegea mpaka kumwamsha ni kazi. Nenda na pakiti ya ALu uliyonayo, waone amemeza ngapi na saa ngapi.