320i, C180 au A4: ipi ya kuagiza kutoka Japani?

Nyamala_T: Wakuu, habari. Naagiza gari la petroli la 2015 hadi 2018, nachagua kati ya BMW 320i (F30), Mercedes C180 (W205) na Audi A4 (B9). Kazi yake ni foleni ya Dar siku za wiki, na Arusha mara mojamoja. Nataka gari tamu kuendesha, ila nyuma watakaa watu wazima wawili. Tofauti yake hasa ni ipi, na kila moja linaharibikia wapi?

kona_kali: Mkuu, anza na mahali injini ilipokaa. Kwenye F30 imerudishwa nyuma, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu. Ukikata kona, pua inafuata usukani papo hapo. A4 isiyo na quattro (mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne), injini imetokeza mbele ya ekseli na gari linavutwa kwa mbele. Kona ikibana, pua inataka kwenda nje. W205 nayo inasukuma kwa nyuma, ila imetengenezwa itulie, si ikuchokoze.

Soko lao limekaa hivyohivyo. Munich (BMW) wanamuuzia dereva. Stuttgart (Mercedes) wanamkumbuka na anayeendeshwa. Ingolstadt (Audi) wanauza ukimya, skrini na kazi safi ya dashibodi.

Angalia tairi pia. 320i M Sport ya rimu 18 huja na 225/45 mbele na 255/40 nyuma, mara nyingi ranifleti (tairi ngumu inayotembea hata bila upepo), bila tairi la akiba. Kwenye matuta na mashimo, mgongo unahesabu kila moja. Chukua rimu 17 yenye 225/50, gari linakuwa jingine kabisa.

oili_na_cheni: Usinunue 320i kwa mwaka, nunua kwa aina ya injini. N20, injini ya zamani, ile ya mwanzo ina miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi. Ikivunjika, vipande vinadondoka kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na kuziba kichujio cha pampu ya oili, injini inakufa. Dalili ni mlio mwembamba unaopanda na kasi ya injini. B48, injini mpya zaidi, ilianza kuingia na maboresho ya 2015, na ndiyo ya kutafuta. Tarakimu 7 za mwisho za chesisi zitakuonyesha ipi ipo.

Giaboksi ni ZF ya gia 8, nzuri sana, lakini msikubali ile kauli ya "oili ya maisha", yaani haibadilishwi kamwe. ZF wenyewe wanasema kilomita 80,000 hadi 120,000, au miaka 8. Sampu yake ya plastiki imeungana na filta, inabadilishwa nzima. Kujaza: injini inawaka, gari limelala sawa, oili iwe kati ya nyuzi 30 na 50, jaza hadi ianze kumwagika tunduni. Wengi wanajaza ikiwa baridi na injini imezimwa. Ikiwashwa oili inapungua, gia zinaanza kupiga.

Nyamala_T: Asante sana. Na Benzi na Audi je?

oili_na_cheni: Benzi yenye injini ya M274: omba iwashwe ikiwa baridi kabisa, baada ya kulala usiku mzima. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili unatoka kwenye vibadilisha-majira vya kemshafti, vifaa vinavyorekebisha muda wa vali kufunguka. Kama ina Airmatic (sasipensheni ya upepo), itazame asubuhi kabla ya kuwashwa: kona moja ikiwa chini, kuna upepo unavuja. Springi za kawaida hazina shida hiyo.

Audi: mpe macho kulanti. Pampu ya maji na themostati vimo kwenye nyumba moja ya plastiki chini ya manifoldi. Inapasuka taratibu, na tone hulioni mpaka joto lipande. S tronic, giaboksi yake ya klachi mbili ya gia 7, ina klachi zinazoogelea kwenye oili, lakini kutambaa sentimita kwa sentimita kunaziunguza. Kwenye foleni acha nafasi mbele, kisha songa kwa mkupuo.

Oili ya injini, tafuta kiwango hiki kwenye kopo: BMW LL-01, Benzi 229.5, Audi VW 502 00. Badilisha kila kilomita 8,000, usingoje dashibodi ikukumbushe.

kona_kali: Kwa abiria wako wa nyuma na ile foleni, mimi ningechukua C180 ya springi za kawaida. Ukitaka utamu wa barabara ya Arusha, 320i B48 ya rimu 17.