Mjadala: Mkristo anaweza kuwa pia mfuasi wa Wicca?

Wadau, tulijadili hili bila kukemeana mapepo. Marekani na Uingereza wapo wanaojiita Wakristo wa Wicca. Jumapili wako kanisani. Mwezi ukiwa mpevu wanawasha mishumaa, wanachora duara, wanaziita pande nne za dunia, kisha wanamwomba Yesu humohumo. Wengine humweka Bikira Maria mahali pa mungu wa kike.

Kabla hamjapandisha mori: Wicca si kumroga jirani. Ni dini changa, iliyotangazwa hadharani Uingereza na Gerald Gardner baada ya sheria ya zamani ya uchawi kufutwa mwaka 1951. Ina sikukuu nane za majira, mungu wa kiume na wa kike, na kanuni kwamba ufanye upendalo ilimradi humdhuru mtu. Shetani hawamwabudu.

Msimamo wangu: haiwezekani, na sababu si mishumaa. Katoliki nako kuna mishumaa, ubani na maji ya baraka. Kumbukumbu la Torati 18, ile inayokataza uchawi na mnayoikimbilia kila mara, hainitoshi pia: sura nne mbele, kitabu hichohicho kinakataza nguo ya sufu na kitani, na sijaona anayekagua suti za wachungaji. Shida ni anayeitwa ndani ya duara. "Usiwe na miungu mingine ila mimi" haina msamaha kwa miungu wapole. Na Maria mwenyewe pale Kana aliwaambia watumishi, "Lo lote atakalowaambia, fanyeni." Kumpa kiti cha mungu wa kike ni kumbebesha kazi asiyoiomba.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeenda mbali bure. Mwaka 2011 nani alikuwa kwenye foleni ya Samunge, Loliondo? Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, yule Babu wa Loliondo, mzizi wa mti wa mugariga umechemshwa kuwa dawa, kikombe shilingi 500, na sharti akupe yeye kwa mkono wake. Kama ni dawa tu, mkono wa nini? Watu walikunywa rozari ziko shingoni. Leo mafuta ya upako yanauzwa kwa chupa. Wazungu wametuzidi kitu kimoja: wanasema wazi wanachochanganya.

Mleta mada:
Umenibana, ila nusu. Babu alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha. Sema alikosea, sema tulidanganyika, lakini hakuongeza mungu wa pili. Wenye chupa sina la kuwatetea.

Mchangiaji wa pili:
Wote mnaongea kama wazee wa kanisa. Dada aliyekua akisikia Baba, Mwana, Bwana, Mfalme, na madhabahuni haruhusiwi kusogea isipokuwa kufagia, mnashangaa nini akivutiwa na dini inayompa ukuhani? Mithali 8 Hekima anasema kwa sauti ya mwanamke, yuko na Mungu kabla ya milima kuwekwa. Mara ya mwisho mlisikia mahubiri ya sura hiyo lini, tena yasiyoishia kwenye mke mwema?