Vitz inapepea nikifika 90 barabara kuu, na nina safari ya Njombe mwezi wa kumi na mbili. Ushauri wakuu

Mwanauwemba (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Vitz ya 2006, lile umbo la pili, injini ya pistoni tatu, cc 996. Nimekaa nayo miaka miwili hapa Dar, Mbagala–Posta, Posta–Mbagala, na sijawahi kuilaumu. Mafuta inadonoa kama kuku. Shida nimeiona wiki mbili zilizopita tulipokwenda nayo msibani Morogoro, mara yangu ya kwanza kuitoa nje ya mji.

Mpaka Mlandizi ilikuwa sawa. Tulipoiacha Chalinze lami ikafunguka, nikagusa 90, usukani ukawa mwepesi kama sijaushika. Gari haivuti kushoto, haivuti kulia, inaelea tu. Nikirekebisha kidogo inazidisha, nikirudisha inapitiliza. Likaja basi kutoka mbele. Lilipopishana na sisi nikasukumwa mpaka tairi ya kushoto ikagusa ukingo wa lami, halafu nikavutwa kurudi. Mama na mke wangu walikuwa nyuma wanapiga stori, wakanyamaza wote wawili. Baadaye kidogo mama akasema taratibu, "Baba, tupumzike hapo mbele." Najua hakuwa amechoka.

Tulikuwa wakubwa wanne, na kwenye buti kulikuwa na mchele kilo 50 na masufuria ya msibani. Alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) nilifanya mwezi wa nane, kwa hiyo hiyo msiniambie.

Sasa mdogo wangu anaoa Njombe mwezi wa kumi na mbili. Ni kilomita 700 na ushee, Kitonga ikiwemo. Niende nayo, niazime Premio ya shemeji (atanisimanga mwaka mzima), au tupande basi? Na swali lenyewe hasa: hivi vigari vidogo ndivyo vilivyo, au yangu ina ugonjwa?

Mbishi wa Kudumu

Hiyo ni bebi woka mkuu, ya kupeleka mtoto shule na kurudi. Uza, ongeza hela, nunua gari. Uzi ufungwe.

Kashata

Mbishi ana gari gani vile? Tuendelee.

Mkuu, kabla ya yote inama usome tairi. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ikiandikwa 3516 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2016. Watu wengi wenye magari madogo wananunua tairi za mtumba zenye kashata (meno ya tairi) nzuri, mpira wenyewe umeshakauka kama soli ya kiatu cha jeshi. Mjini hutagundua kitu. Kwenye 90 ndiyo inakusemesha.

Halafu upepo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika imeandikwa Kijapani. Namba utazielewa tu: ukiona 230, hiyo ni kPa, sawa na psi 33 hivi. Pima asubuhi gari ikiwa haijatembea. Kijana wa upepo akikuambia "zote nazipigaga 40, ndiyo zinakuwa ngumu", mshukuru, ondoka.

Juma Mchanga

Dawa ya kupepea ni uzito. Weka viroba viwili vya mchanga kwenye buti, gari inashika lami. Mimi Passo yangu nilifanya hivyo na ikatulia.

Fundi Spana

Juma, samahani, hapo unampoteza mwenzio. Gari hiyo injini iko mbele, tairi zinazovuta ni za mbele na zinazokata kona ni hizo hizo. Ukijaza buti, nyuma inakaa, pua inanyanyuka, tairi za mbele zinapunguza kung'ang'ania lami. Ndiyo maana mwenzetu anasema usukani ulikuwa mwepesi: mchele kilo 50, masufuria, na watu wawili nyuma. Mchanga utamwongezea tatizo lile lile.

Mwanauwemba, nijibu matatu. Usukani unatetemeka, au hautetemeki ila gari inazurura? Ukipita rasta (vile vituta vidogo vya barabarani), gari inadunda mara moja na kutulia au inaendelea kunesa? Na la tatu: gari iko kwenye kimo chake cha kiwandani, au umeinyanyua?

Mwanauwemba

Fundi, haitetemeki, inazurura. Kwenye rasta inarukaruka kidogo, nilijua ndiyo ugumu wa gari ndogo.

Kunyanyua... ndiyo, niliinyanyua mwezi wa tisa. Kule kwetu mvua ikinyesha kuna mawe yalikuwa yananikwangua chini. Gereji ya mtaani wakaniwekea spesa (vipande vya kunyanyulia mwili wa gari) za inchi mbili, tairi zote nne.

Fundi Spana

Mwezi wa nane alaimenti, mwezi wa tisa spesa. Umeona mwenyewe?

Ukiinyanyua gari kwa spesa, mwili unapanda ila zile fimbo zinazoelekeza tairi za mbele hazirefuki. Zinabaki mshazari, zimeinama kuelekea kwenye tairi. Gari ikidunda kidogo tu, mshazari ule unasukuma tairi ijipinde yenyewe, wewe hujagusa usukani. Mjini kwenye 40 husikii. Kwenye 90, kila kibonde cha lami kinakukatia kona. Juu ya hapo kitovu cha uzito kimepanda, kwa hiyo upepo wa basi unakupata vizuri zaidi.

Fanya jaribio hili leo: pitisha kiganja juu ya kashata za tairi ya mbele, kutoka nje kwenda ndani, kisha ndani kwenda nje. Upande mmoja ukiwa laini na upande wa pili unakwaruza kama msumeno, tairi zinaburuzwa, hazibingiriki.

Kuhusu swali lako kama vigari vidogo ndivyo vilivyo, jibu ni ndiyo kidogo. Vitz yako kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 2.46. Premio ya shemeji ni 2.70. Gari fupi ikikutana na wimbi la lami, pua inashuka wakati mkia unapanda, kwa hiyo inakutikisa kichwa. Ndefu inalilaza wimbi. Nyuma una bomba moja linalounganisha tairi zote mbili, kwa hiyo shimo la kushoto linasikika na kulia. Na usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, ni mwepesi kwa ajili ya kuegesha, haukupi habari nyingi za barabara. Haya yote ni maumbile. Kuzurura mpaka mama aombe kupumzika siyo maumbile.

Mwanauwemba

Nimetoka nje na tochi ya simu. Ndani ya tairi ya mbele kushoto imelika, ukingo wote unakwaruza kama jino la msumeno. Nje iko nzuri kabisa, ndiyo maana sikuiona. Na DOT ni 1114. Nimejisikia vibaya, nimembeba mama kwenye hii kitu.

Nyali254

Pole ndugu yangu. Mimi ni wa Mombasa, naenda Nairobi na Demio kila baada ya miezi miwili. Huku kwetu sheria yaniruhusu zaidi kwenye barabara kuu, lakini mimi mwisho wangu 95.

La kuongeza ni moja. Pale malori ya bandarini yanapopita sana, lami huchimbika mifereji miwili. Mifereji ile imechongwa kwa upana wa lori. Gari yako ni nyembamba, tairi ya kulia ikiingia mferejini ya kushoto inapanda kwenye tuta la katikati, basi gari yaenda kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Usishindane nayo. Sogea kidogo, panda tairi zote mbili kwenye sehemu iliyoinuka, punguza mwendo. Ukiona maji yamesimama mle mferejini, shuka hadi 60 bila kujadiliana.

Dereva Semi

Niongee kutoka juu ya kabati la lori, miaka 19 Dar–Tunduma.

Nyinyi wa vigari vidogo mnatuudhi kwa jambo moja: mnakaa mita tano nyuma ya tela mnachungulia. Hapo mimi sikuoni kwenye kioo chochote, na wewe huoni mbele. Rudi nyuma mpaka uvione vioo vyangu. Usipoviona, mimi sikujui.

Kuovateki piga hesabu, usipige moyo. Mimi natembea 60, wewe unataka kupita kwa 80. Tela langu, na nafasi ya kutoka na kurudi, ni kama mita 60 unazotakiwa kunizidi. Tofauti ya 20 kwa saa ni mita tano na nusu kwa sekunde. Ni sekunde 11 uko upande usio wako, na ndani ya hizo umekula karibu mita 245 za lami. Basi linalokuja na 80 nalo limekula kiasi hicho hicho. Kwa hiyo unahitaji nusu kilomita nyeupe mbele yako, na hapo gari iwe na nguvu. Hiyo yenu ya pistoni tatu ina farasi 71, tena ikiwa mpya na iko usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1000, injini isiyo na tabo inapoteza kama sehemu moja ya kumi. Nafasi uliyopita nayo Mlandizi ukiijaribu ukiwa kule juu Mafinga, na watu wanne ndani, haitoshi. Zima AC, subiri.

Nikikuwashia indiketa ya kushoto nakuambia pita, ya kulia usipite. Lakini kijana, mimi naweza kuwa nawasha ya kushoto kwa sababu nakwenda kuegesha. Macho yako ndiyo leseni.

Ukipita ubavuni mwangu, upepo wangu utakuvuta, kisha utakusukuma ukifika usawa wa kichwa cha lori. Jua unakuja, shika usukani mikono miwili, usiukamue. Wanaokamua ndio wanaopitiliza.

Mama Pacha

Mimi nina Passo, nimeenda nayo Singida mara nne na mapacha nyuma. Upepo wa Singida mnaujua. Makambako nako kuna upepo wa ubavuni, Mwanauwemba wewe ni wa huko, unajua kuliko mimi. Upepo huo haukuambii unakuja lini: unatoka kwenye kinga ya kilima, unafika uwazi, unapigwa. Mimi nikishaona miti imelala upande nashuka hadi 70, waninyoshee vidole wakipita.

Wanaume mmeongelea tairi tu. Mimi naongelea mgongo. Kigari kidogo kinachosha kwa kelele. Ukifika kilomita ya 300 kichwa kinavuma. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, simama kila baada ya saa mbili, utembee. Mikumi ni kilomita 50 ndani ya hifadhi, pita mchana ukitazama pembeni, wanyama hawasomi vibao.

Kitonga kupanda sina wasiwasi nawe. Wasiwasi wangu ni kushuka ukirudi. Weka gia 2 au L, kama yako ina B tumia B, injini ikushikie. Ukishuka na D huku unakanyaga breki mfululizo, utasikia harufu kama ya plastiki inayoungua, na ndipo pedali inaanza kuzama.

Na viazi! Najua watu wa Njombe. Mama mkwe akikupakilia lumbesa kwenye buti, ushauri wote wa Fundi umekufa.

Mbishi wa Kudumu

Nasisitiza: auze.

Kashata

Mbishi, jibu swali. Una gari gani?

Mbishi wa Kudumu

Bodaboda.

Mwanauwemba (mrejesho)

Wakuu, mwezi umepita, niliahidi mrejesho.

Nilitoa spesa zote nne. Fundi mwingine (siyo yule wa spesa) alipoinua gari akakuta bushi za mbele nazo zimepasuka, na shokapu moja ya nyuma imevuja mafuta mpaka imekauka, kumbe ndiyo ule mruko wa rasta. Tairi nne mpya, 165/70R14, saizi ile ile ya kiwandani. Kuna mtu dukani alinishawishi niweke pana zaidi zipendeze, nikakataa. Kisha balansi na alaimenti, kwa mpangilio huo, mwisho kabisa. Hela ilinitoka, nakiri, ila haikufika nusu ya nauli ya maneno ya shemeji.

Kabla ya safari nilikwenda nayo Chalinze peke yangu Jumapili asubuhi. 90, mikono miwili, basi likaja, likanisukuma kidogo, likapita. Usukani ukarudi katikati wenyewe. Nilicheka kwa sauti ndani ya gari kama mwehu.

Njombe tumekwenda na kurudi. Kitonga nilipanda nyuma ya lori dakika kama arobaini, AC imezimwa, vioo chini, sikujaribu kupita na taa nyekundu ya joto haikuwaka. Makambako upepo ulitupiga kweli, nikashuka 70 kama Mama Pacha. Rasta bado zinatudundisha, hilo nimelikubali. Masikio yalivuma mpaka siku ya pili. Mama safari hii alilala kuanzia Mafinga mpaka Iringa.

Viazi vilikuwepo, gunia mbili, lumbesa kweli kweli. Mama mkwe alikuwa tayari amefungua buti mwenyewe. Vimekuja na basi, nimeenda kuvichukua stendi jana jioni, nikavigawa mara mbili ili nisijaze nyuma. Mke wangu anasema kutoka stendi mpaka nyumbani ni kilomita sita tu na mwendo ni 30. Nimemwambia Fundi anatuona.